Mwanagenzi wa Maabara ya Usingizi Hufanya Kazi Gani Usiku Kucha?

Mtu akisikia kwamba kijana fulani amepokelewa hospitalini kuwa mwanagenzi wa teknolojia ya usingizi, swali la kwanza huwa la mzaha: je, siku hizi mtu hulipwa kwa kumtazama mwenzake akilala? Mzaha ukipita, hufuata mkanganyiko. Wapo wanaodhani kuwa kijana huyo anajifunza kuwalaza wagonjwa kwa dawa kabla ya kupasuliwa. Wapo, hasa wazee waliokulia Busoga au West Nile, ambao hukumbuka mara moja ugonjwa wa malale. Na wapo vijana wenye saa za kisasa mkononi wanaouliza kwa nini hospitali isumbuke kukesha na mgonjwa ilhali saa hiyo huwaambia kila asubuhi wamelala kwa muda gani. Kwa kuwa huduma hii bado ni adimu nchini Uganda, si ajabu kwamba mambo haya matatu yamefungwa katika furushi moja, na ni vizuri kulifungua kabla ya kueleza kazi yenyewe.

Dawa inayomlaza mgonjwa katika chumba cha upasuaji, ambayo wengi huiita nusukaputi, haimpi mtu usingizi wa kawaida. Aliyelala nyumbani huamka akiitwa kwa sauti au akitikiswa. Aliyepewa nusukaputi hahisi hata kisu, na ubongo wake hautoi mawimbi yale yale yanayotolewa na ubongo wa mtu aliyelala kitandani kwake. Wanaoisimamia dawa hiyo wana mafunzo yao na sheria zao, na mwanagenzi wa maabara ya usingizi hana ruhusa ya kumpa mgonjwa dawa ya kumlaza.

Malale ni jambo jingine kabisa. Ni maambukizo ya vimelea vinavyoenezwa na mbung'o, na historia yake katika nchi hii ni nzito: mlipuko wa kati ya mwaka 1900 na 1920 kandokando ya Ziwa Victoria unakadiriwa kuwaua watu zaidi ya 250,000, na tume iliyomleta David Bruce Entebbe mwaka 1903 ndiyo iliyosaidia kuuhusisha ugonjwa huo na vimelea hivyo pamoja na mbung'o. Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za malale ya binadamu. Aina ya kaskazini-magharibi ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kuwa si tishio tena kwa afya ya umma. Malale hutafutwa katika damu na katika maji ya uti wa mgongo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mgonjwa wa malale kwa kawaida halali saa nyingi kuliko watu wengine, bali usingizi wake hutawanyika: husinzia mchana katikati ya mazungumzo na kukaa macho usiku.

Kinachobaki baada ya kuyatenga mambo hayo mawili ndicho kinachotuhusu, nacho ni uchunguzi wa usingizi wa kawaida wa mtu na kasoro zake. Kipimo chake kikuu huitwa polisomnografia. Ni urekodi wa usiku mzima ambao hukusanya kwa wakati mmoja umeme wa ubongo, mienendo ya macho, mkazo wa misuli ya kidevu na ya miguu, mapigo ya moyo, hewa inayopita puani na mdomoni, kupanda na kushuka kwa kifua na tumbo, kiwango cha oksijeni katika damu, upande ambao mgonjwa amelalia, pamoja na video na sauti. Daktari ndiye anayemwona mgonjwa, anayeagiza kipimo na anayetaja ugonjwa. Mteknolojia ndiye anayefunga vifaa, anayesimamia urekodi hadi alfajiri, na anayeisoma rekodi ukurasa kwa ukurasa kabla haijamfikia daktari. Mwanagenzi anajifunza kazi ya huyu wa pili, akiwa chini ya macho yake.

Ugumu wa kazi hii hauko katika kukesha, ingawa kukesha kwenyewe si jambo dogo. Uko katika kutambua, kwa kila mstari unaopita kwenye skrini, kama umetoka katika mwili wa mgonjwa au umetoka kwingine: kwenye waya uliolegea, kwenye jasho, kwenye jenereta la nyuma ya jengo. Mashine hurekodi vyote kwa bidii ile ile, na haimwambii mtu kipi ni kipi.

Usingizi unavyosomwa

Hadi karne iliyopita usingizi ulionekana kama taa iliyozimwa: mtu yuko macho au amelala, basi. Mwaka 1924 daktari wa magonjwa ya akili wa Ujerumani, Hans Berger, alifanikiwa kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu kupitia juu ya kichwa, akachapisha matokeo yake mwaka 1929. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwamba kuna vipindi vya usingizi ambamo macho huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na kwamba mtu akiamshwa katika vipindi hivyo mara nyingi husimulia ndoto. Tangu hapo ikajulikana kuwa usingizi una hatua, na kwamba hatua hizo hurudiarudia kwa mzunguko wa dakika 90 hivi, mara nne au tano kwa usiku.

Kanuni zinazotumika sasa, zilizotolewa na Akademia ya Marekani ya Tiba ya Usingizi mwaka 2007 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, hutenga hatua tatu za usingizi wa kawaida na moja ya macho kuchezacheza. Hatua ya kwanza ni ile ya kusinzia, ambayo mtu akiguswa hukana kwamba alikuwa amelala. Ya pili huchukua karibu nusu ya usiku wa mtu mzima, na alama zake ni vifungu vifupi vya mawimbi ya kasi pamoja na wimbi moja kubwa linaloibuka ghafla. Ya tatu ndiyo usingizi mzito, wenye mawimbi mapana yaendayo polepole, na huwa nyingi zaidi katika sehemu ya kwanza ya usiku. Usingizi wa macho kuchezacheza huongezeka kuelekea alfajiri, na ndani yake misuli mingi ya mwili hulegezwa karibu kabisa, isipokuwa ile ya kupumua na ya macho.

Kulegezwa huko kunaeleza jambo linalowatisha watu wengi. Mtu huamka, anaona chumba chake, anasikia sauti za nje, lakini hawezi kuinua mkono wala kupiga kelele, na kifuani anahisi kama amekaliwa. Hilo ndilo jinamizi. Fahamu imerudi kabla ya misuli kufunguliwa, na mabaki ya ndoto yanaendelea mbele ya macho yaliyo wazi. Kwa kawaida huisha ndani ya dakika chache na halimdhuru mtu. Kutembea usingizini nako hudhaniwa kuwa ni kuigiza ndoto, ilhali mara nyingi hutokea katika hatua ya tatu, ile nzito, na ndiyo maana anayeamshwa humo huwa amechanganyikiwa na baadaye hakumbuki kitu.

Kuna pia hali zinazofanana na usingizi ambazo si usingizi. Katika wilaya za Acholi, kama Kitgum na Pader, watoto wenye ugonjwa wa kutikisa kichwa huinamisha vichwa mara kwa mara kama wanaosinzia. Vipimo vya umeme wa ubongo vilionyesha kuwa kuinama huko ni kifafa cha aina ambayo misuli ya shingo hulegea ghafla. Nyaya zilizotumika kuligundua hilo ni ndugu wa nyaya anazofunga mwanagenzi wetu, na kwa sababu hiyo moja ya mambo ya kwanza anayofundishwa ni kutofautisha mawimbi ya usingizi na ya kifafa.

Jioni

Mgonjwa hufika mapema usiku, lakini mwanagenzi huwa amekwisha fika kabla yake. Anasoma barua ya daktari ili ajue kinachotafutwa, dawa anazotumia mgonjwa, na kama ana historia ya kifafa, ugonjwa wa moyo au pumu. Anahakikisha kuwa kitanda, kamera na kipaza sauti viko tayari, na kwamba betri inayoshika umeme ukikatika imejaa, kwa kuwa rekodi iliyokatika saa nane usiku haiwezi kurudishwa. Kisha anampa mgonjwa dodoso la kusinzia mchana lililotungwa Australia mwaka 1991, ambalo humuuliza uwezekano wa kusinzia katika mazingira manane, kwa mfano akisoma, akiwa abiria garini au akizungumza na mtu. Alama hufika 24, na zikizidi 10 huhesabiwa kuwa usingizi wa mchana umepita kiasi.

Baada ya hapo huanza sehemu ambayo wanagenzi wengi huiona kuwa ngumu kuliko walivyotarajia, yaani kupima kichwa kwa utepe. Umbali kutoka mzizi wa pua hadi kinundu cha kisogo hupimwa, halafu hugawanywa kwa asilimia 10 na 20 ili kupata sehemu za kuweka elektrodi. Ndivyo pia kutoka sikio hadi sikio. Asilimia hutumika badala ya sentimita kwa sababu vichwa havilingani, na ni lazima rekodi ya mtoto wa Jinja iweze kulinganishwa na ya mtu mzima wa Mbarara. Kila sehemu husuguliwa taratibu kwa dawa ya kuondoa mafuta na ngozi iliyokufa, kisha elektrodi, yaani kikombe kidogo cha chuma chenye waya, hubandikwa kwa uji mzito unaopitisha umeme. Ukinzani wa ngozi unatakiwa ushuke chini ya kilo-omu 5. Usiposhuka, mwanagenzi anarudia, hata kama mgonjwa ameanza kuchoka.

Hapa vitabu vilivyoandikwa ng'ambo havisaidii sana. Mgonjwa wa kike aliyesuka nywele zake kwa fedha nyingi wiki iliyopita hawezi kuambiwa azifumue usiku huo. Mwanagenzi hujifunza kutafuta njia kati ya mistari ya misuko na kubandika elektrodi penye ngozi. Nywele za bandia zilizoshonwa juu ya nyavu zinazofunika kichwa chote ni tatizo kubwa zaidi, na kwa hiyo maabara inayojali hutoa maelezo mapema: njoo bila wigi, bila mafuta kichwani, bila rangi wala hina kwenye kucha ya kidole kimoja angalau. Mwanamke anayevaa hijabu hufungwa vifaa na mtumishi wa kike, naye huelezwa waziwazi kamera iko wapi na nani ataitazama picha yake.

Kidole hicho kisicho na rangi ni cha kifaa cha kupima oksijeni kwa mwanga, na kifaa hiki kina udhaifu ambao kila mtumishi wa afya barani kwetu anapaswa kuujua. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakikuuona ulitokea karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe, kwa sababu ngozi nyeusi hubadilisha mwanga unaopita. Mwanagenzi hawezi kukirekebisha kifaa, ila anaweza kuepuka kuiamini namba iliyo mpakani kana kwamba imeandikwa kwenye jiwe.

Mwisho wa jioni mgonjwa akiwa amelala chali, mwanagenzi humpa maagizo mafupi kupitia spika: fumba macho, fumbua, tazama kulia na kushoto bila kugeuza kichwa, uma meno, koroma kidogo, shika pumzi, chezesha mguu wa kushoto, sasa wa kulia. Anayesikia kwa mara ya kwanza huona kama mchezo. Kila agizo, hata hivyo, linathibitisha waya mmoja au miwili, na mgonjwa akichezesha mguu wa kushoto huku mstari wa mguu wa kulia ukiruka, basi nyaya zimebadilishana na afadhali ijulikane sasa kuliko asubuhi.

Wapo wagonjwa wanaohofia kwamba nyaya zote hizo zitawapiga shoti au zitasoma mawazo yao. Elektrodi hazipeleki umeme mwilini ili kupata rekodi ya ubongo. Hupokea umeme mdogo sana, wa sehemu za milioni moja za volti, ambao ubongo wenyewe hutoa. Wala hakuna anayeweza kuitazama rekodi akajua mgonjwa aliota nini. Linalohitaji maelezo ya upole zaidi ni suala la mtunzaji. Katika hospitali zetu mgonjwa huja na ndugu anayelala sakafuni kando yake, lakini ndugu huyo akikoroma au akigeukageuka huharibu rekodi, kwa hiyo huombwa alale kwingine, isipokuwa mgonjwa akiwa mtoto.

Usiku wenyewe

Taa zikizimwa, mwanagenzi huketi mbele ya skrini katika chumba cha pili na huandika kila linalotokea: saa ya kuzima taa, saa mgonjwa alipokwenda haja, saa alipogeuka. Mawimbi hupita, na majaribu yake huanza. Mstari mnene unaotetemeka mara 50 kwa sekunde ni umeme wa ukutani, na ukitokea kwenye mstari mmoja tu, tatizo ni elektrodi ile moja. Kuna kichujio cha kuufuta, na mwanagenzi mvivu hukibonyeza mara moja. Msimamizi mwema humwambia akaangalie elektrodi kwanza, kwa sababu kichujio huficha tatizo bila kuliondoa. Umeme ukikatika na feni ikasimama, mgonjwa hutoka jasho, na jasho huzaa mawimbi mapana yaendayo polepole ambayo yanafanana sana na ya usingizi mzito. Asiyejua ataandika kwamba mgonjwa alilala vizuri kabisa katika saa ambayo kwa kweli alikuwa akisumbuliwa na joto.

Kinachotafutwa zaidi katika usiku mwingi ni kukoma kwa pumzi usingizini. Koo la binadamu kwa nyuma halina mfupa wa kulishikilia. Mtu akilala misuli hulegea, na njia ya hewa huwa nyembamba. Anayetaka kuelewa na achukue kaveera, yaani kifuko cha plastiki, ya maji ya kunywa iliyokatwa pembe, aweke mdomo na kuvuta kwa nguvu: kuta zake hunatana, na kadiri anavyovuta ndivyo zinavyozidi kufunga. Ndivyo koo linavyofanya. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hewa haipiti, oksijeni inashuka, hadi ubongo unapozinduka kwa sekunde chache, misuli inakaza, hewa inaingia kwa mkoromo mkubwa, na mtu anarudi kulala bila kukumbuka chochote. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa tukio moja. Hewa ikipungua tu, kwa theluthi moja hivi, ikaandamana na kushuka kwa oksijeni au kuzinduka, huhesabiwa pia. Matukio hayo hugawanywa kwa saa za kulala: chini ya matano kwa saa ni kawaida kwa mtu mzima, 5 hadi 14 ni kiwango kidogo, 15 hadi 29 ni cha kati, na kuanzia 30 ni kikali.

Hapa ndipo kosa dogo la jioni huzaa kosa kubwa. Kuna kukoma kwa pumzi kunakotokana na koo kuziba, ambapo kifua na tumbo huendelea kuhangaika, mara nyingi kimoja kikipanda wakati kingine kinashuka. Na kuna kule ambako ubongo wenyewe hausukumi pumzi, ambapo kifua na tumbo hutulia pamoja. Tofauti hiyo huonekana kwenye mikanda miwili tu, mmoja uliofungwa kifuani na mwingine tumboni. Mkanda ukiteleza saa sita usiku na mwanagenzi asiingie kuurekebisha, kuziba kwa koo kunaweza kuonekana kama kutulia kwa ubongo, na mgonjwa akapewa matibabu yasiyo yake. Kuingia chumbani humo gizani na kufunga mkanda bila kumwamsha mtu ni ustadi, na hakuna programu ya kompyuta inayoufanya.

Wengi huamini kwamba anayekoroma sana ndiye aliyelala fofofo. Si kila anayekoroma ana ugonjwa, lakini mkoromo unaokatikakatika kwa ukimya, halafu kurudi kwa kishindo, ni dalili ya kumwona daktari. Wengine huamini kwamba ni watu wanene tu wanaopatwa. Unene huongeza hatari kwa kiasi kikubwa, ila umbo la taya, tezi za koo zilizovimba na umri navyo vina sehemu yao, na watu wembamba huonekana maabara. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalihesabu watu wazima wapatao milioni 936 duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 69, wenye hali hii kwa kiwango fulani. Kwa Uganda kuna makundi mawili ambayo mimi ningeyatanguliza. La kwanza ni madereva wa malori ya masafa kati ya Malaba, Kampala na Katuna, ambao kusinzia kwao hakuwadhuru wao peke yao. La pili ni watoto wenye siko seli: uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto waliopimwa wamebeba chembe hiyo ya urithi na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe, na kushuka kwa oksijeni usiku ni jambo la hatari kwa mtoto ambaye seli zake hujikunja oksijeni inapopungua.

Usiku mwingine hutumika kwa matibabu badala ya kutafuta ugonjwa. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Sydney walichapisha njia ya kusukuma hewa puani kwa mkandamizo usiokoma ili koo lisizibe, na hadi leo mashine ya aina hiyo ndiyo tegemeo kuu. Mteknolojia huanza na mkandamizo mdogo, kwa kawaida wa sentimita 4 za maji, akaupandisha kidogokidogo, akisubiri angalau dakika tano kila mara, mpaka matukio yaishe. Mwanagenzi hutazama, huandika, hurekebisha barakoa inayovuja, lakini hapandishi mkandamizo kwa uamuzi wake mwenyewe. Ni lazima pia ajue yale yanayomtaka aache kurekodi na kuita msaada mara moja: mapigo ya moyo yaliyovurugika, kifafa, oksijeni iliyoshuka na isiyopanda. Kabla ya kuachwa karibu na mgonjwa usiku, awe amefundishwa huduma ya kwanza ya kufufua moyo na pumzi.

Asubuhi na kusoma rekodi

Elektrodi huondolewa kwa maji ya uvuguvugu, na swali huja karibu kila mara, huku mwanagenzi akiitwa «musawo», yaani daktari kwa Kiganda. «Musawo, umeniona na nini?» Mwanagenzi ameona mengi, na mzee aliye mbele yake amekesha na nyaya kichwani kwa ajili ya jibu hilo. Jibu sahihi, hata hivyo, ni kwamba rekodi imepatikana vizuri na kwamba daktari atamweleza siku ya kurudi: «Mzee, kazi ya usiku imekwenda salama; majibu atakupa daktari akishaisoma rekodi yote.» Hilo si kuficha. Mwanagenzi ameona vipande, hajahesabu, na hana historia nzima ya mgonjwa.

Wengine hulalamika kwamba hawakulala kama walivyozoea, hivyo kipimo ni batili. Ni kweli kwamba usiku wa kwanza mahali pageni hupunguza usingizi na kuchelewesha ule wa macho kuchezacheza. Wataalamu wamelijua hilo tangu miaka ya 1960. Lakini koo linaloziba halingojei mtu azoee kitanda, na mara nyingi saa chache za usingizi hutosha kuonyesha tatizo.

Kusoma rekodi ndiko kunakochukua miezi ya mwanagenzi. Usiku hukatwa vipande vya sekunde 30, desturi iliyobaki tangu enzi za karatasi, wakati kalamu zilipochora kwa mwendo wa milimita 10 kwa sekunde na ukurasa mmoja ukabeba nusu dakika. Usiku wa saa nane ulitumia karatasi ya karibu mita 300. Leo ni skrini, lakini kurasa ni zile zile 960, na kila moja hupewa hatua yake. Hata mabingwa hawakubaliani kikamilifu. Ulinganisho mkubwa wa wasomaji uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta wakilingana kwa takriban asilimia 83 kwa jumla, na kwa asilimia 63 tu katika hatua ile ya kusinzia. Kwa hiyo mwanagenzi anayetofautiana na msimamizi wake katika kurasa chache si lazima awe amekosea. Anachotakiwa ni kuweza kueleza kwa kanuni gani aliamua hivyo.

Jambo hili ndilo linalojibu swali la saa ya mkononi. Saa hupima mtikisiko wa mkono na mapigo ya damu kwa mwanga, kisha hukisia. Hujua vizuri kiasi fulani ni lini mtu ametulia, ila aliyelala macho wazi akiwaza ada ya shule, bila kujigeuza, huweza kuhesabiwa kuwa amelala. Vifaa vya kupimia nyumbani vinavyotolewa na hospitali ni bora zaidi, kwa kuwa hupima pumzi na oksijeni, lakini vingi havipimi ubongo. Matukio yake hugawanywa kwa saa za kurekodi badala ya saa za kulala, na kwa hiyo ugonjwa unaweza kuonekana mdogo kuliko ulivyo. Kwa mgonjwa mwenye dalili dhahiri huenda vikatosha, na katika nchi yenye maabara chache nadhani ndivyo vitakavyowafikia wengi kwanza.

Anayetaka kuingia

Vyeti vinavyojulikana zaidi katika fani hii hutoka nje, hasa kile cha Board of Registered Polysomnographic Technologists ya Marekani, kinachohitaji mafunzo, saa za kazi chini ya usimamizi na mtihani, na kuhuishwa kila baada ya miaka mitano. Cheti hicho hakimpi mtu leseni ya kugusa wagonjwa Uganda. Leseni hutolewa na mabaraza ya hapa nyumbani, na kwa sababu hiyo naona njia ya busara ni kuanza na taaluma inayotambuliwa, kama uuguzi, au zile zinazosajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Afya Shirikishi, kama uafisa tabibu, kisha kuongeza ujuzi wa usingizi juu yake.

Zamu ni za usiku, kila moja ya urefu wa saa kumi hadi kumi na mbili, na kwa desturi mteknolojia mmoja husimamia wagonjwa wasiozidi wawili. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri mwili wa mwanagenzi nao hudai kulala, na ndizo saa ambazo usingizi wa macho kuchezacheza wa mgonjwa huwa mwingi na koo huziba zaidi. Kijana anayepewa nafasi hii na aulize swali moja kabla ya kutia sahihi: nani atakayepitia rekodi zangu ukurasa kwa ukurasa, na mara ngapi kwa wiki? Pasipokuwa na mtu huyo, atajifunza kuiwasha mashine na kuizima, na namba itakayotoka asubuhi ataipeleka kwa daktari bila kujua kama ni ya mgonjwa au ya mkanda uliolegea.